Chaki ya Dada Edina

Kama ningepewa kurudia asubuhi moja tu ya maisha yangu, ningechagua ile niliyokubali kuingia darasani kushika chaki ya dada yangu Edina, wakati yeye na walimu wenzake walikuwa wamegoma. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Niliombwa kwa upole, nikakubali kwa haraka. Hakuna aliyenishika mkono. Ningesema hapana, bwana aliyekuja kuniomba angepanda pikipiki yake akaenda zake, na mimi ningerudi kwenye kahawa zangu.

Lakini siwezi kuisimulia asubuhi hiyo bila kwanza kurudi nyuma sana, na nawaomba mnisindikize ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye baridi ya Mbozi. Kosa langu lilitoka kwenye mambo mazuri tuliyofundishwa tukiwa wadogo, ndiyo maana lilinipita bila kulitambua.

Sisi tulizaliwa upande wa Ihanda, kabla reli haijapita. Gari likisikika barabarani, watoto wote tulikimbia kwenda kulitazama vumbi lake, maana lenyewe hatukuliwahi. Miezi ya kipupwe baridi ilikuwa inauma masikio. Tulikwenda shule peku, nyasi zimeganda umande, na dada Edina ndiye aliyenifundisha ujanja wa njiani: ukikuta ng'ombe amelala, mwamshe, simama pale alipokuwa amelala mpaka nyayo zipate moto, halafu kimbia hadi kwa ng'ombe mwingine. Ng'ombe wa majirani walitujua. Nadhani walituchukia pia. Leo wajukuu zangu hapa Tunduma wanavaa soksi mbilimbili, wanapelekwa shule kwa bajaji, na bado wanasema wanaumwa mafua.

Tulikula viporo vya ugali wa ulezi vilivyochomwa kwenye makaa mpaka ngozi yake inakuwa ngumu kama gome, ndani laini. Tulikula maboga, viazi vitamu, na mvua za kwanza zikianguka tulikula kumbikumbi wa kukaanga, tukiwania wale walionona. Mjukuu wangu mkubwa anauza vifaa vya simu karibu na mpaka. Anawasalimia Wazambia kwa Kibemba safi, lakini nilipomtajia ulezi kwa Kinyiha aliniuliza kama ni jina la mtu. Nikamwonyesha kumbikumbi sokoni, akapiga picha. Hakula, alipiga picha tu.

Edina alinipita umri wa kutosha kunibeba mgongoni, lakini si wa kutosha kuacha kugombana nami. Wazazi wetu walizaa wengine wawili baada yangu, wote walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo tulibaki mimi na yeye. Mchezo wake ulikuwa shule. Alichukua mkaa jikoni, akaandika kwenye ukuta wa nyumba ambao mama alikuwa ameusiriba kwa udongo mweupe, akaniamuru nikae chini. Mimi ndiye nilikuwa darasa zima. Nikikosea, nilisimamishwa kwa mguu mmoja. Mama akitoka jikoni, sauti yake ilifika mpaka kwa majirani: "Edina! Ukuta wangu si ubao!" Edina anaitika, "Samahani mama, nafuta sasa hivi," na kufuta kwenyewe ni kwa gauni. Kesho yake somo linaendelea palepale lilipokomea. Nilipoanza darasa la kwanza tayari nilijua kusoma, mwalimu akanisifu mbele ya watu, na nikakubali sifa zile zote bila kumtaja dada.

Nilimwomba mara nyingi anipe na mimi mkaa niwe mwalimu. Alikataa. "Mwalimu ni mmoja, Lameki. Kaa chini."

Sasa niwakumbushe kilimo cha zamu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo langu. Mvua zikikaribia, kaya za mtaa wetu zilikuwa zinalimiana. Leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, hadi mashamba yote yaishe. Asubuhi mnapanga mstari, kila mtu na tuta lake, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo. Mwenye shamba anapika. Watoto tunabeba maji na togwa, wakubwa wanasubiri kimpumu, pombe yao ya ulezi, jioni. Na kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mstari hauachwi na pengo. Mtu akiumwa, akifiwa, akichelewa kwa sababu yoyote ile, jirani wa kushoto na wa kulia wanagawana tuta lake, na wala hawamsemi. Nilipokuwa na umri wa kushika jembe dogo, nikasimama kushangaa ndege, mama aliniita kwa sauti ya kuaibisha: "Lameki! Ndege watakulimia? Ziba hapo!"

Ziba hapo. Nililisikia neno hilo miaka yote ya utoto. Nililipenda. Kuziba pengo la mwenzako kulikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mtoto aliyeziba bila kuambiwa alipewa nyama ya mkubwa siku ile.

Na walimu? Naona wazee wenzangu wanapenda kusema walimu wetu walikuwa na wito, hawakugoma, hawakudai. Ngojeni kidogo. Nakumbuka mwalimu wetu Yeremia, mtu mrefu, shati moja jeupe ambalo lilikuwa jeupe kila Jumatatu. Alituchapa, ni kweli, na alituimbisha jedwali la kuzidisha mpaka tukaliota. Lakini nyumba ya Mwalimu Yeremia iliezekwa na baba zetu. Shamba lake lilikuwa kwenye zamu kama la mtu mwingine yeyote, ingawa yeye mwenyewe alikuwa darasani na hakushika jembe. Mke wake alipojifungua, mama zetu walipishana mlangoni na unga, kuku na kuni. Mwalimu hakuwa na haja ya kugoma kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma yake. Mwalimu wa leo amepanga chumba, ananunua mpaka mchicha, na akiugua hakuna anayejua ila mwenye nyumba. Tuliacha kumlimia, kisha tukamshangaa anapotafuta wa kusimama naye.

Kugoma nako hatukukujua leo. Mgomo wa kwanza niliouona kwa macho yangu ulifanywa na baba na wakulima wenzake wa kahawa. Karani wa ghala alikuwa na mazoea ya kuwaacha nje na magunia yao, mvua inanyesha, yeye ndani anakunywa chai. Siku moja walifika, wakaweka magunia chini ya miti, wakakaa juu yake. Karani akafungua dirisha:

"Haya, leteni mizigo!"

"Tunapumzika," baba akajibu.

"Mnapumzika mpaka lini?"

"Mpaka utujengee banda la kupumzikia."

Watu wakacheka mpaka magunia yakatikisika. Walikaa hivyo, siku moja, ya pili, mama zetu wakiwaletea chakula kama wako harusini. Sisi watoto tulifurahi, hatukuelewa kitu. Edina ndiye aliyeuliza, wakati tunamsogezea baba maji ya kunawa, "Baba, si uuze tu ya kwako urudi nyumbani?" Baba akamaliza kunawa. "Nikiuza ya kwangu, mama, hawa wengine watakuwa wamekaa bure." Banda lilijengwa. Nililisikia jibu lile kwa masikio yangu kama alivyolisikia Edina. Yeye aliondoka nalo. Mimi sijui nililiacha wapi.

Tulikua. Edina akaenda chuo cha ualimu, akarudi na sketi iliyopigwa pasi na sauti ileile ya "kaa chini". Mimi nilimaliza kidato cha nne, alama hazikunipeleka mbele, nikarudi kwenye kahawa ya baba. Sikulalamika mbele za watu. Ila niwaambie ukweli: kila aliyepita njiani akimwita dada "Mwalimu," na mimi akaniita "Lameki wa kahawa," kitu kilinichoma. Tulipendana sana, hata hivyo. Alikuwa akitoka shule anapitia kwangu, anavua viatu, anakaa kwenye kigoda jikoni na mke wangu, nao wananicheka mimi. Jumapili baada ya ibada tulikaa pamoja, tukikumbushana mambo ya utotoni, na kila kisa alikuwa na namna yake ya kunisahihisha. "Hukuanguka kwenye mti, Lameki. Ulishuka ukilia." Wanangu walikuwa wanavunjika mbavu.

Ndipo ukaja mwaka walimu walipogoma. Madai yao mnayajua, bado yanazungumzwa: madaraja ambayo hayapandi, nyumba za kuishi, likizo wanazogharamia wenyewe. Edina alikuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni kwetu. Alikuja nyumbani jioni moja akaniambia mapema, kwa utulivu, "Kesho hatuingii darasani. Nakuambia wewe kwanza kwa kuwa ni mwenyekiti, na kwa kuwa ni mdogo wangu." Nikamwambia nimesikia.

Watoto wakazurura. Wengine walikwenda kuchuma kahawa, wengine wakawa wanacheza mpira barabarani, na wazazi wakaanza kunijia na maneno. Siku ya tatu akaja bwana mmoja kwa pikipiki. Simtaji, na ofisi yake haina haja. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akanywa maziwa mgando, akaanza kunipaka mafuta.

"Mwenyekiti, wewe ni msomi. Una kidato cha nne. Kijiji kina vijana wengine waliomaliza kidato cha nne, wamekaa tu. Kwa nini watoto wapotee? Ziba pengo hili siku chache."

Hakujua amegusa neno gani. Mwili wangu wote ulilikubali kabla kichwa hakijafika. Watoto hawana mwalimu, kuna pengo, wewe una mikono: ziba hapo. Nilijisikia kama mtoto mwema. Na chini ya huo wema, naomba mnisamehe, kulikuwa na furaha nyingine. Nilitaka kuitwa mwalimu. Hata kwa juma moja.

Nikakusanya vijana, nikawagawia madarasa. Darasa la kwanza nikalichukua mwenyewe, na lilikuwa darasa la Edina. Nilipofungua mlango watoto wakasimama: "Shikamoo Mwalimu!" Nikachukua chaki iliyokuwa kwenye kopo juu ya meza yake. Nawaambia, ilikuwa asubuhi tamu. Nikaandika irabu ubaoni, wakaziimba, nikajiona mrefu kuliko Mwalimu Yeremia.

Hata kabla ya kengele ya mapumziko, mlango ukabishwa. "Hodi." Ni Edina, amevaa kitenge cha nyumbani, anapiga hodi kwenye darasa lake. Watoto wakamrukia kwa salamu. Akawaitikia wote, akawaambia wakae, kisha akasema, "Lameki, njoo nje kidogo."

Tukasimama karibu na mlingoti wa bendera.

"Unafanya nini humu?"

"Dada, watoto wanazurura. Nimeziba pengo tu, mpaka mtakaporudi."

"Pengo la nani?"

"La kwako."

"Naumwa mimi?"

"Hapana."

"Nimefiwa?"

"Hapana, dada."

"Basi pengo liko wapi? Mtu akiugua ukashika jembe lake, umemsaidia. Mimi jembe nimeliweka chini mwenyewe, nikiwa mzima, ili watu waone tuta ambalo halijalimwa. Wewe umekuja kulilima. Sasa wataona nini?"

Nikatoa cheo. "Dada, mimi ni mwenyekiti. Nina wajibu kwa wazazi."

"Na mimi sina wajibu kwa hao watoto? Nimewafundisha hao, na baba zao, na wewe." Akatazama vidole vyangu vyeupe kwa chaki. "Rudisha chaki, Lameki. Toka nami hapa sasa hivi, twende nyumbani. Sitakusema popote."

Ilikuwa njia nyepesi, mlango ulio wazi kabisa. Watoto walikuwa wamejaa madirishani wanatutazama. Niliona aibu kushindwa mbele yao na mbele ya wale vijana niliowapanga. Nikamwambia, "Ngoja nimalize kipindi."

Alikwenda zake kwa hatua zake za siku zote, wala hakugeuka.

Madarasa yakawa na watu, na bwana wa pikipiki akapita akaandika kwamba shule yetu haina mgomo. Walimu wengine waliposikia watoto wanaimba irabu, waliona wamekaa bure, wakarudi mmojammoja, vichwa chini. Edina alirudi wa mwisho. Haukupita muda akahamishiwa upande wa Ndalambo, bondeni kwenye joto, mbali na nyumba aliyojenga na mume wake aliyekuwa akiumwa kisukari. Walisema ni kwa manufaa ya kazi. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alinishukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru mpita njia aliyekupokea ndoo. Mizigo ikapakiwa na watu wengine.

Mume wake alifariki hukohuko. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume, akaja kunisalimia nilipofika na nilipoondoka. Mama yetu alipofariki, alikuja akafanya kila linalompasa binti mkubwa, na jambo lolote lililohitaji mashauri yangu alimtuma mtoto wake: "Kamwambie mjomba wako." Mjomba alikuwa amesimama hapo karibu. Nimemwomba radhi, si mara moja. Anasema amenisamehe, na naamini, kwa sababu Edina hasemi uongo. Ila kusamehewa hakukumrudisha kwenye kigoda cha jikoni kwangu.

Sasa ninaishi Tunduma kwa mwanangu, karibu na foleni ya malori. Mbele ya nyumba kuna kijiwe cha kahawa, na mabishano ya kijiwe hicho hayalali. Majuzi walikuwa wanabishana kuhusu walimu. Kijana mmoja, utingo wa lori, anasema vyama vya wafanyakazi ni makato tu. "Mwalimu akigoma aondolewe, nje wako wengi wanaosubiri. Mbona mimi sina chama na ninaishi?"

Mzee Shabani, msafirishaji wa siku nyingi, akamjibu, "Unaishi kwa sababu bado hujaumwa, mwanangu. Siku tajiri akikushusha porini Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na homa yako, utatafuta chama hata cha wauza karanga."

Tukacheka. Kijana akanigeukia: "Babu, wewe enzi zako walimu walikuwa wanagoma?"

Nikamwambia enzi zetu tulijua kulimiana kuliko ninyi, na tulijua kukaa pamoja juu ya magunia, lakini wengine wetu hatukujifunza kutofautisha mtu aliyeanguka na mtu aliyekaa kwa makusudi. Ninyi mna simu zinazowaunganisha na dunia nzima, na hamjui jina la jirani wa chumba cha pili. Sisi tulijuana mpaka majina ya ng'ombe, na bado mimi nilimwacha wangu wa tumbo moja. Kijana hakuelewa, akaagiza kahawa nyingine. Sikumlaumu. Vyama vina mapungufu yake, viongozi wake wengine wanalala usingizi, hilo nalijua. Lakini nilivunja mgomo kwa mikono yangu, kwa hiyo najua pia thamani ya kitu nilichovunja.

Edina amestaafu, amebaki Ndalambo kwa wanawe. Yu mzima. Sikukuu nampigia simu, anauliza hali ya wajukuu, anauliza mvua, anasema Mungu atubariki, anakata. Baba na mama hawapo, wadogo zetu hawakukua, na wa rika letu tuliocheza nao wameondoka karibu wote. Haya yote niliyowaandikia ya utotoni, yeye peke yake ndiye anayeyajua, na ndiye peke yake ambaye angeniambia wapi nimekosea. Hayazungumzi na mimi tena. Kwa kushika chaki ile niliupata ualimu wa juma moja, na nikampoteza dada yangu.